Chai ya Bibi Wilberforce

(Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam baada ya onyesho la filamu The Ladykillers ya mwaka 1955, mbele ya kilabu kidogo cha wapenda filamu. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke, na nimeongeza masimulizi kwa ajili ya walioikosa filamu yenyewe.)

Wazee wangu mliokaa mbele, dada na kaka zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: asanteni kwa kubaki. Najua saa hizi foleni ya Morogoro Road haimsubiri mtu.

Wakati nyinyi mnatazama filamu, mimi nilikaa nyuma kabisa nikiwatazama nyinyi. Jambazi wa tatu alipomwagwa kwenye behewa la mizigo kama gunia la mkaa, mama mmoja wa mstari wa pili alicheka hadi akajiziba mdomo kwa mtandio. Halafu akageuka kumtazama jirani yake kwa aibu, kama anayeuliza: jamani, tunacheka maiti?

Ndiyo mama, tunacheka maiti, na hatukuanza leo. Nani humu ndani hajawahi kuona mtani msibani? Nilikuwa mtoto Magomeni alipofariki mzee mmoja Mzaramo wa mtaani kwetu, na watani wake Wanyamwezi wakaja. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mmoja wao akashuka, akajilaza chali mle ndani, mikono kifuani, akasema hatoki mpaka alipwe, maana marehemu alikula jogoo wake na hakulipa. Wafiwa waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi hayajakauka, wakachangishana shilingi, na mtani akatoka anajikung'uta udongo. Hakuna aliyesema amevunja heshima ya msiba. Msiba bila yeye ungekuwa na upungufu.

Wazungu vichekesho vya namna hii huviita vyeusi. Mimi naona jina letu linatosha, utani wa msibani, na leo nitalitumia hilo.

Sasa kisa chenyewe. Tuko London, karibu na stesheni ya reli ya King's Cross. Bibi kizee mjane, Louisa Wilberforce, anaishi peke yake na kasuku wake katika nyumba iliyokaa mwisho wa mtaa, juu kabisa ya mdomo wa handaki la reli. Nyumba imepinda. Mabomu ya vita yaliitikisa, msingi ukatitia, na tangu hapo hakuna picha ukutani inayokaa sawa. Bibi huyu ana mazoea ya kwenda kituo cha polisi kutoa taarifa. Siku filamu inapoanza amekwenda kuwaeleza kwamba rafiki yake hakuona chombo chochote kutoka sayari nyingine, alikuwa ameota tu. Polisi wanamsikiliza kwa upole, wanamsindikiza hadi mlangoni, na wanamkimbilia na mwavuli wake aliousahau. Naomba mwavuli huo muuweke kichwani, tutaurudia.

Anakuja mpangaji. Profesa Marcus, meno yamemtoka mbele, skafu ndefu imening'inia, macho ya mtu ambaye hajalala tangu Jumatatu. Anasema yeye na wenzake wanne ni wapiga muziki wa kujifurahisha na wanahitaji chumba cha mazoezi. Wanaingia wamebeba visanduku vya fidla na selo: Meja Courtney, mwenye tabasamu la mtu anayekuuzia kiwanja cha mtu mwingine, Louis, jambazi halisi, anayechukia vikongwe, Harry, kijana wa mjini, na One-Round, bondia aliyestaafu, mwili kama kontena na akili ya mtoto wa chekechea. Wakifunga mlango wanaweka santuri ya minueti ya mtunzi Boccherini kwenye gramafoni, halafu wanakaa kupanga wizi. Bibi akigonga mlango kuwauliza kama watapenda chai, wote wanaruka kudaka vyombo na kujifanya wamo katikati ya wimbo. Bondia amekumbatia selo kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Wizi wenyewe unakwenda vizuri. Wanalivamia gari lililobeba fedha, wanazitia pauni 60,000 ndani ya sanduku la safari, na sanduku wanalipeleka ofisi ya vifurushi ya King's Cross. Polisi wamezagaa kila kona, wanakagua kila mtu. Nani atakwenda kulichukua? Bibi. Profesa amemwomba amsaidie kuchukua mzigo wake, naye kwa wema wake anakodi teksi na kwenda. Hakuna polisi duniani atakayefungua sanduku la ajuza yule. Njiani lakini anamwona mwuza matunda anamfukuza kwa ukali farasi aliyekula bidhaa zake, anasimamisha teksi ili amtetee farasi, unazuka ugomvi mtaa mzima, na mwisho wa yote polisi wenyewe ndio wanaoubeba mzigo wa majambazi na kuuingiza ndani ya nyumba ya majambazi. Majambazi wako dirishani wanatazama.

Kama filamu ingeishia hapo ingekuwa filamu ya wizi, nzuri tu. Inaanza kuwa kitu kingine pale mlangoni, wakati wa kuaga. Watu wanne wameshatoka na kuingia kwenye gari. Wa mwisho ni bondia, amebeba kisanduku cha selo chenye noti. Anatoka, mlango unajifunga nyuma yake, na mkanda wa kisanduku unabanwa mlangoni. Mimi na wewe tungegonga tu mlango ufunguliwe. Yeye anavuta. Anavuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo kutoka ulingoni. Kisanduku kinafunguka, noti zinarushwa hewani, na Bibi anafungua mlango kumsaidia kijana wa watu aliyenaswa. Amesimama pale, noti zinashuka taratibu miguuni pake.

Tazameni alivyopanga mkurugenzi tukio lile. Ugunduzi wa jinai kubwa kabisa unatokana na mkanda wa ngozi na mtu asiye na subira. Hakuna mpelelezi, hakuna msaliti. Na tukio lote lingeweza kuzuiwa na adabu ndogo tu ya kugonga mlango wa watu.

Adabu ndiyo iliyonileta hapa leo. Maoni yangu ni kwamba filamu hii haina silaha kali kuliko birika la chai. Majambazi watano, mmoja ana bastola, mmoja amezoea kisu, hawaishindi nyumba ya mwanamke wa miaka 75 kwa sababu kila wanapotaka kuondoka wanakaribishwa. (Miaka 75 sikuibuni. Bibi mwenyewe anasimulia kwamba sherehe yake ya kutimiza miaka 21 ilikatizwa na habari kwamba Malkia mzee amefariki. Malkia Victoria alikufa Januari 1901. Fanyeni hesabu.) Noti zimeshamwagika, siri imeshatoka, gari linanguruma nje, na hapo ndipo wanapofika mashoga wa Bibi, kundi zima la vikongwe wenye kofia za maua, wamekuja kunywa chai na kusikiliza muziki. Majambazi wangeweza kukimbia. Badala yake wanasimama kuwapisha mabibi viti. Wanashika visahani. Wanajibu maswali kuhusu Boccherini. Wanaimba pamoja nao wakizunguka kinanda. Gazeti lenye habari ya wizi liko mle mle chumbani.

Nilipoiona filamu hii mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu. Alikuwa amechukua redio kwa mkopo katika duka moja, na malipo yakamshinda. Duka likamtuma kijana aje kuichukua. Kijana alifika na karatasi, uso ameukaza kama alivyofundishwa. Bibi akamwambia: "Karibu mwanangu, kaa kwanza. Umekula?" Akamtolea chai ya tangawizi na chapati mbili. Kijana akasema yuko kazini. Bibi akasema kazi haikimbii. Akamuuliza kwao wapi, mama yake mzima, ameoa. Kikombe cha kwanza kijana alikinywa akiitazama redio. Cha pili alikinywa akiitazama miguu yake. Alipoondoka alisahau karatasi juu ya meza, na redio ile ilikaa kwetu hadi ikafa kifo chake yenyewe. Bibi hakuwa mjanja. Hakufanya hila yoyote. Angemlisha hata kama angekuja kuchukua kitanda.

Bibi Wilberforce ni hivyo hivyo, na hapo waandishi wetu wa filamu wangetuangusha. Wangemfanya ajuza mwerevu anayejua kila kitu na kuwategea majambazi mitego. Huyu hajui. Katikati ya mauaji yote yale, yeye amesinzia kitini. Wanauana juu ya paa, wanauana uani, wanaburuta miili kwenda relini, naye kidevu kimeangukia kifuani. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ile wageni wanakuja, mwenyeji anapona, na wageni ndio wanaokwisha.

Kuna maneno ya Profesa ambayo niliona vijana mnayacheka kwa sauti, nami nilifurahi. Bibi amesema fedha lazima zirudishwe. Profesa anamweleza, kwa ile sauti tamu ya mwalimu mwenye huruma, kwamba wizi huu haujamuumiza mtu. Fedha zina bima. Kampuni ya bima italipa, halafu itaongeza robo ya peni kwenye bima ya kila mteja. Robo ya peni! Nani atalia kwa robo ya peni? Kwa hiyo, mama, fedha hizi hakuna anayezitaka tena, na ukizirudisha utawavuruga watu tu. Hoja hiyo tumeisikia kwetu, imevaa suti nyingine: fedha za umma hazina mwenyewe, kila Mtanzania amepoteza shilingi mbili tu, mbona mnapiga kelele. Bibi anasikiliza, anapepesa macho, na anashikilia msimamo wake. Hesabu ya Profesa haina kosa. Bibi hajui hesabu, anajua kwamba fedha si zake.

Basi wanaamua auawe. Na hapo adabu inawanyonga kabisa, maana hakuna anayetaka kuifanya kazi hiyo. Wanapiga kura kwa vijiti. Inamwangukia Meja. Meja anashuka kwenda kuua na badala yake anatoroka na fedha kupitia dirishani, anapanda paa, Louis anamfuata, Meja anaanguka. Mmoja. Kura ya pili inamwangukia Harry, naye anajaribu kukimbia na fedha. Bondia anadhani Harry amemuua Bibi. Sasa bondia, ambaye kwa muda wote huu humwita Bibi jina alilolizua mwenyewe, kama tungesema Bibi Mshazari, amempenda ajuza yule. Anamuua Harry kwa uchungu wa kufiwa. Kisha anamwona Bibi mzima, anakoroma. Wawili. Bondia anawaelekezea bastola waliobaki, lakini hajui kwamba imefungwa kilimi cha usalama, na kosa hilo linammaliza. Watatu. Wanabaki Louis na Profesa, na hao wanawindana usiku juu ya mdomo wa handaki, katikati ya moshi. Profesa anamwangusha Louis kwenye behewa. Wanne. Amebaki mtu mmoja na pauni 60,000. Amesimama chini ya nguzo ya ishara ya reli, ile yenye mkono mrefu unaopanda na kushuka kumwambia dereva wa treni apite au asimame. Treni inataka kupita. Mkono unashuka, unampata kichwani, naye anaanguka taratibu kwenye behewa la mizigo linalopita. Skafu inamfuata.

Mnaona ufundi ulivyo. Damu hatukuiona. Kila mwili unapoangushwa, moshi wa treni unapanda na kuufunika, halafu behewa linaondoka zake kaskazini kwa ratiba ya kawaida. Reli inabeba maiti kama inavyobeba makaa ya mawe. Haina hasira na haina huruma, ina ratiba. Wakati ule treni za mvuke bado zilikuwa zinapita pale mchana na usiku, kwa hiyo moshi si mapambo, ni hewa ya mtaa ule. Mkurugenzi alichukua kitu kilichokuwepo tayari, kinachoonekana dakika ya kwanza ya filamu, na kukifanya mchukua majeneza. Nyumba yenyewe, niwaambie, haikuwepo. Ilijengwa kwa ajili ya filamu, ikawekwa mwisho wa mtaa wa kweli, juu ya reli ya kweli.

Kidogo kuhusu waliotengeneza, kwa sababu hapa kuna jambo la kuchekesha. Filamu hii inahesabiwa kuwa ya Kiingereza kuliko chai yenyewe. Ilitoka Ealing, studio ya magharibi mwa London iliyoongozwa na Michael Balcon, na ndiyo ya mwisho katika vichekesho vikubwa vya studio ile. Mwaka huo huo wa 1955 majengo ya Ealing yaliuzwa kwa BBC. Lakini mwandishi, William Rose, alikuwa Mmarekani kutoka Missouri. Inasimuliwa kwamba kisa chote alikiota usingizini, akamwamsha mkewe kumhadithia. Mkurugenzi, Alexander Mackendrick, alizaliwa Boston, Marekani, kwa wazazi Waskoti, akalelewa Glasgow. Mpiga picha, Otto Heller, alizaliwa Prague. Herbert Lom, aliyecheza Louis, naye ni mzaliwa wa Prague. Basi Uingereza ile iliyopinda ilichorwa na wageni kwa sehemu kubwa. Mwenyeji hanusi harufu ya nyumba yake. Mgeni akifungua mlango tu inampiga usoni.

Na wageni wale waliona zaidi ya adabu. Kasuku mmoja wa Bibi anaitwa Jenerali Gordon, jina la yule afisa wa Kiingereza aliyeuawa Khartoum mwaka 1885. Mume wa Bibi alikuwa nahodha, alizama na meli yake bahari ya China. Jina la ukoo ni Wilberforce, kama yule mbunge wa Kiingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa, na watu wa Zanzibar mnaoijua habari hiyo hamhitaji nieleze zaidi. Nyumba nzima ni himaya ya Malkia Victoria iliyofungiwa chumbani, ghorofa ya juu haikaliki, kuta zimeinama, na mwenye nyumba anaendelea kumimina chai kwenye vikombe vile vile. Mackendrick mwenyewe baadaye alisema kwamba alikuwa anaitania Uingereza ya baada ya vita. Sisi tunaweza kuongeza tarehe zetu pembeni. Mwaka filamu ile inatoka, hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa Kenya, TANU ilikuwa inatimiza mwaka mmoja, na Mwalimu Nyerere alikuwa amekwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Nyumba ilikuwa inapinda kweli.

Alec Guinness ndiye Profesa. Mtu huyo mwaka 1949, katika filamu nyingine ya Ealing, Kind Hearts and Coronets, alicheza watu wanane wa ukoo mmoja, na karibu wote wanauawa ili ndugu mmoja apate urithi. Kwa utani wa msibani alikuwa ameshahitimu. Peter Sellers ndiye Harry. Alikuwa na miaka 29 au 30, anajulikana zaidi redioni kuliko kwenye sinema. Miaka tisa baadaye yeye na Lom walikutana tena, Sellers akiwa Inspekta Clouseau, yule mpelelezi kituko wa filamu za Pink Panther, na Lom akiwa bosi anayetiwa wazimu na Clouseau huyo.

Lakini filamu ni ya Katie Johnson. Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1878, alianza jukwaani karne ya 19, na maisha yake yote ya sinema alipewa vijisehemu: mjakazi, jirani, bibi anayepita. Inasimuliwa kwamba studio ilimwona dhaifu mno kwa kazi hii, wakamchagua mwigizaji mwenye umri mdogo kidogo, na yule aliyechaguliwa akafariki kabla ya kupiga picha. Hapo tena utani wa msibani. Akaitwa Katie Johnson, akaifanya kazi, akapata tuzo ya chuo cha filamu cha Uingereza kama mwigizaji bora wa kike wa nchi hiyo. Alifariki mwaka 1957. Alingoja miaka sitini apewe nafasi kubwa, akaifaidi kwa miaka miwili.

Mwangalieni anavyocheza. Hachekeshi. Hakuna hata mara moja anapoitazama kamera kama anayesema, mmeona nilivyo kituko? Guinness anatisha, Lom ana hasira ya kweli, bondia ana huzuni ya kweli. Katika filamu nzima hakuna mtu anayejua kwamba yumo kwenye kichekesho.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu baadhi yenu mnaandika na kupiga filamu, na mtanisamehe, mimi ni mzee wa maneno. Vichekesho vyetu vingi vinaogopa ukimya. Mwigizaji akianguka, inawekwa sauti ya chemchemi: boing! Akishtuka, picha inarudiwa mara tatu na sauti ya nyau. Suruali imepandishwa hadi kifuani, miwani haina kioo, meno yamepakwa wino. Yote hayo ni kumshika mtazamaji mkono na kumwambia: cheka hapa. Mtani aliyelala kaburini hakufanya hivyo. Alidai deni lake la jogoo kwa uso mkavu kabisa, kama wakili mahakamani, na ndiyo sababu hata mjane alicheka. Angetabasamu kidogo tu angepigwa jembe.

Na mna hazina ambayo Mackendrick hakuwa nayo. Adabu yetu ni nzito kuliko ya Waingereza. Mwingereza anaweza kukataa kikombe cha pili. Jaribu kukataa wewe kwa mama mkwe. Fikiria majambazi wanne wamepanga chumba Ilala, nyumba ya Bi. Mkubwa mmoja, na bunduki iko chini ya kitanda, na kila wakitaka kutoka kwenda kuiba ni ama kuna khitma, ama kuna kumpeleka mjukuu hospitali, ama kuna mtu anatakiwa abebe mtungi wa gesi. "Nyinyi vijana mna nguvu, njooni mnisaidie." Nani atasema hapana? Mimi siandiki filamu. Nawaachia.

Mwaka 2004 ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, waliirudia filamu hii Marekani. Waliihamishia Mississippi, Tom Hanks akawa Profesa, na bibi akawa mjane Mmarekani Mweusi, mtu wa kanisa, aliyechezwa na Irma P. Hall. Huyo mama alipata tuzo ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, na alistahili. Badala ya treni kuna daraja na tishari la takataka linalopita chini. Wazo hilo la takataka si baya. Lakini pale watu wanatukana sana na wanajua sana kwamba wao ni vituko, na mimi dakika ya arobaini nilikuwa nimeshaitazama saa. Wengine mtapingana nami. Mjadala upo baadaye.

Nimalizie na pale polisi.

Enzi hizo, hasa Marekani, sheria za sinema zilikuwa kali: mhalifu hawezi kumaliza filamu akiwa na mali ya wizi. Angalieni The Ladykillers inavyotii. Wezi wote watano wamekufa, kila mmoja kwa dhambi yake. Mkaguzi gani atalalamika? Halafu Bibi anavaa kofia yake na kwenda kituoni kutoa taarifa. Ni mtu mwaminifu. Anawaambia kila kitu: wizi, Profesa, fedha ziko nyumbani kwangu. Polisi wanatazamana. Ni yule bibi wa vyombo vya angani. Wanamwambia kwa upole mkubwa, kama wanavyomwambia siku zote, kwamba asiwe na wasiwasi, azichukue tu fedha hizo akae nazo. Naye anakumbuka maneno ya Profesa kwamba hakuna anayezitaka. Uongo wa jambazi umegeuka kweli, na aliyeuthibitisha ni afisa wa polisi mwenyewe.

Anainuka kuondoka. Polisi mmoja anamkimbilia: mama, mwavuli wako. Mwavuli ule ule. Bibi anasema hakuwahi kuupenda hata hivyo, na sasa anaweza kununua dazeni nzima. Anatoka. Njiani kuna mchoraji anayechora barabarani kwa chaki akingoja senti za wapita njia. Bibi anamdondoshea noti na kuendelea na safari yake kwenye nyumba iliyopinda. Mchoraji anaitazama ile noti, anamtazama Bibi, na hana la kusema.

Nami sina zaidi. Naambiwa na mwenyekiti kwamba nyuma ya ukumbi kuna chai na vitumbua, vimeletwa na mama yake mzazi, ambaye amesimama pale mlangoni anawahesabu. Nyinyi mliokuwa mnataka kukimbilia daladala, poleni sana.